Maisha ya Mama Nywele, Aliyewatoa Watu Ukutani

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, asanteni kwa kuja na kwa kukaa juani. Haya ni maisha ya dada yetu mkubwa kwa ufupi. Yanasomwa na mdogo wake anayemfuata, aliyepewa kazi hii baada ya wengine wote kusema sauti zao hazitafika mwisho. Hata ya kwake haina uhakika, lakini atajikaza.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Septemba 1973, katika nyumba ya tatu kutoka kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa dobi na mama aliyefunga miche ya sabuni kwenye karatasi katika kiwanda hichohicho. Ilikuwa nyumba safi kupita kiasi, na watoto walioga hata siku ambazo hawakustahili. Akiwa mdogo alipenda kulala chali dirishani, akifumba jicho moja kisha jingine, huku akipiga kelele kwamba bomba la moshi la kiwanda linaruka. Mama alimwambia aache upuuzi kabla upepo haujampata na macho yake yakabaki hivyo. Hakuacha. Alitaka kujua kwa nini bomba linaruka sana na mwezi hauruki, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na jibu wala nafasi ya kulitafuta.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1991. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba msichana huyu ana akili lakini anaimalizia pembeni mwa daftari, kwa kuchora. Mei mwaka uliofuata baba alianguka akiwa kazini, pasi mkononi, na hakuinuka tena. Marehemu alikuwa ameshapata nafasi ya kuendelea na masomo. Alikunja sare yake ya shule, akampa mdogo wake anayesoma hapa, na Jumatatu iliyofuata akaenda kuomba kazi kwenye studio ya picha. Hakulisema sana jambo hilo maishani mwake. Aliyeirithi sare ndiye anayelisema leo.

Katika studio alianza kwa kufagia, akaendelea kwa kurekebisha picha kwa brashi yenye unywele mmoja, akiwaondolea maharusi chunusi na wazee mikunjo. Ilipofika zamu ya video, akajifunza kukata na kuunga. Hapo ndipo alipokutana na mumewe. Studio ilikuwa na friji la kuhifadhia filamu, likaharibika, akaitwa fundi mafriji. Fundi akalitengeneza. Wiki iliyofuata likaharibika tena, na iliyofuata tena, mpaka mwenye studio akauliza kwa hasira kama fundi huyu anajua kazi au anajua njia tu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1998. Mpaka leo shemeji anaapa kwamba hakuligusa friji lile kwa nia mbaya, na mpaka leo hakuna anayemwamini. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2010 marehemu aliingia katika kazi ambayo wengi wenu mmeisikia bila kuielewa. Msijilaumu, hata sisi tuliishi nayo miaka mingi tukiitikia tu. Ilikuwa karakana ya chumba kimoja juu ya duka la magodoro, mapazia yamefungwa mchana kutwa, watu wameinama mbele ya skrini kama wanaosaka chawa. Zilikuwa zimetoka zile televisheni za kuvalia miwani, na watu walitaka kukaa sebuleni waone picha inawatokea usoni. Sinema nyingi hata hivyo zilikuwa zimepigwa kwa kamera moja, na picha ya kamera moja haikwambii nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Akili yako ndiyo inayojua. Mashine haijui. Kazi ya dada ilikuwa kuiambia.

Alichukua kila picha, na video ina picha ishirini na tano kwa sekunde, akamzungushia kila mtu na kila kitu mstari, halafu akatengeneza picha nyingine ya kijivu juu yake: kilicho karibu akakipaka weupe, kilicho mbali weusi, na vya katikati rangi zao za majivu kwa kadiri ya umbali. Hiyo ya kijivu ndiyo inayoitwa kina. Kutokana nayo mashine ilitengeneza picha mbili zinazopishana kidogo, moja ya jicho la kulia na moja ya jicho la kushoto, na aliyevaa miwani akaona meza imetoka na ukuta umebaki. Ukikosea mstari, sikio la mtu linabaki nyuma pamoja na pazia. Ukigeuza rangi, pua inaingia ndani na uso unakuwa bakuli.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa nywele. Nywele hazina mstari. Wenzake walizikwepa, yeye akazipokea, na kila sinema iliyokuwa na mtu mwenye nywele nyingi kwenye upepo ilishuka mezani kwake. Ndipo walipomwita Mama Nywele. Jina likatoka karakana likafika mtaani, na kuna akina mama waliobisha hodi nyumbani wakiuliza bei ya kusuka. Mara moja, kwa uchovu tu, alimkalisha mmoja na kumsuka. Hakurudi tena mama yule.

Kazi hiyo ilimchosha. Tuseme ukweli, kwa sababu kwenye misiba watu hupenda kusema marehemu alipenda kazi yake, wakaishia hapo. Aliipenda, na ilimla. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umekufa ganzi, macho mekundu, anakaa kwenye kiti na viatu miguuni, na ukimwongelesha anakujibu la juzi. Kisha watu walichoka na miwani. Televisheni zile zikaacha kutengenezwa, na mwaka 2016 karakana ikafungwa. Mkuu wa kazi aliwaita akawaambia wagawane viti. Dada alirudi na kiti kimoja, kompyuta kuukuu na mito miwili ya mgongo, akafungua kazi yake katika chumba cha nyuma.

Hapo alifanya video za familia: harusi, mahafali, babu anayepuliza mishumaa. Watu walizitazama kwa ile miwani mikubwa inayofunika uso wote. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja kwa mteja yeyote. Kabla ya kupokea video, alimfunika mteja jicho moja, akamuuliza anaona nini, kisha la pili. "Kina kinaonwa na macho mawili," aliwaambia. "Ukiwa na jicho moja zima, nitakuwa nakupakia rangi bure." Waliogundulika kuwa na jicho bovu aliwaelekeza kliniki ya macho na kuwarudishia kanda zao.

Katika wakati huo alifanya video ya baba. Wanaofahamu familia hii wanaijua. Mwaka 1984 mjomba alikuja na kamera ya kuazima, akataka kuijaribu kabla hajairudisha, akampiga video baba akiwa sebuleni anapiga pasi ukosi wa shati la mteja. Baba anasikika akisema, "We, usinipige nimevaa fulana," na mjomba anacheka. Ni dakika chache tu. Picha za mnato za baba tunazo nyingi, lakini baba anayetembea na kuongea ni huyo mmoja. Dada aliifanyia kazi miezi mingi, akikatiza kwa kazi za wateja, ili mama amwone mumewe ametoka ukutani, amesimama mbele yake na ubao wake wa pasi.

Alipomaliza alimvalisha mama miwani ile. Mama akanyoosha mkono hewani na kusema, "Ametoka! Huyo hapo!" Dada alilia. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Jumapili mchana mama alikuja, akavalishwa miwani, akanyoosha mkono, akasema ametoka. Mkono haukufika alipo baba hata mara moja, lakini dada alidhani mama anaona haya kumgusa mumewe mbele ya watu.

Mwaka 2022 figo za dada zilianza kushindwa. Akawekwa kwenye ratiba ya kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na wanaojua safari ile wanajua kwamba siku ya kwenda huna siku, na siku ya baada yake unajikusanya ili uweze kwenda tena. Mume alifunga karakana yake asubuhi za zamu. Binti alilala kwenye kiti cha hospitali mpaka shingo ikapinda. Mama alihamia nyumbani kwa dada. Tulichoka sote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mgonjwa, mpaka mgonjwa mwenyewe akatusaidia. "Mmechoka," alisema. "Na mimi nimechoka. Leo mtu asimtie moyo mwenzake, tupumzike."

Siku moja ya mapumziko hayo, mwezi Julai mwaka jana, alikuwa amelala kwenye kochi, hana la kufanya ila kutazama. Mama akamletea chai. Kabla ya kumimina, mama aligusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, taratibu, kisha ndipo akamimina. Sukari iliingia nusu kikombeni na nusu kwenye sinia.

"Mama," dada akasema, "hebu funika jicho la kulia."

"La nini?"

"Funika tu."

Mama akafunika. Dada akainua kijiko mbele ya uso wake.

"Nimeshika nini?"

Mama akafikiri kidogo. "Umeshika mkono wako."

Dada akakirudisha kijiko kwenye sinia. "Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kabla hujaleta hayo madude yako ya kuvaa."

"Na kila Jumapili unasema ametoka?"

"Wewe ulikuwa umenikodolea macho usoni, mwanangu. Ungekuwa mimi ungesema nini?"

Mama yetu, aliyekaa hapa mbele, ameruhusu jambo hili lisomwe. Amesema alivaa miwani ya mbao juu ya miwani ya dada kwa miaka hiyo yote, na kwamba angeivaa tena. Kwa dada lilikuwa pigo. Alikuwa amewafunika macho wateja wote waliopita mlangoni kwake, ila mama yake mzazi. Kitu kimoja alichokuwa amekifanya kwa mapenzi yake mwenyewe, bila mteja wala mkuu wa kazi, hakikuwa kimeonekana hata mara moja. Aligeukia mgongo wa kochi, na chai ikapoa.

Alikaa hivyo siku kadhaa. Kisha akamwomba binti yake amsogezee kompyuta. Alikuwa amekumbuka kwamba hata mwenye jicho moja akitikisa kichwa huona vilivyo karibu vinahama sana na vilivyo mbali vinahama kidogo, na kwamba rangi zake zote za kijivu bado zilikuwepo, zinajua kila kitu kiko umbali gani. Basi hakuhitaji macho mawili ya mama. Alihitaji picha iyumbe. Aliifanya iyumbe polepole, kushoto na kulia, kama mtu aliyesimama mlangoni anayehamisha uzito mguu hadi mguu. Alifanya hayo akiwa amelala ubavu, na siku za mashine hakugusa kitu.

Mama aliketishwa mbele ya skrini ya kawaida, bila miwani, sisi wengine tukiwa nyuma yake. Picha ikaanza kuyumba. Ubao wa pasi ukahama, baba akahama nyuma yake, ukuta ukabaki. Mama hakunyoosha mkono. Alishika magoti yake mwenyewe.

"Ana bega moja chini," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Pasi ilimshusha bega."

Dada akairudisha video nyuma kidogo ili mama alitazame tena.

"Na hicho kikombe," mama akaendelea, "kimeshikwa na nani?"

Katika video ile, kando ya baba, yupo msichana wa miaka kumi anayemshikia baba kikombe cha maji akisubiri amalize ukosi. Ndiye dada. Alipokuwa akiipaka video mara ya kwanza, alikuwa amekitoa kikombe vizuri, kwa sababu baba anakuja kukichukua. Mwenyewe hakujitoa. Nywele zake siku ile zilikuwa hazijachanwa, kichaka kitupu, zingemla miezi. Alijipa rangi ya ukuta akaendelea na baba. Sasa picha ilipoyumba, kila mtu aliona: kikombe kinaelea hewani peke yake, na msichana amebandikwa nyuma kama kalenda.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe, nilikuzaa. Nauliza mbona umejiacha huko."

"Nilikuwa na haraka. Mimi sikuwa na umuhimu, wewe ulimtaka baba."

Mama alikasirika. Wengi wenu hamjawahi kumwona mama akikasirika, nasi tuliokuwepo pale tulikuwa tumesahau. "Nani alikwambia nilimtaka baba yako peke yake? Huyu nimeshamzika. Jitoe huko ukutani, na usinijibu."

Ndiyo kazi ya mwisho ya Mama Nywele. Alianza Agosti. Alianza na mkono, ili kikombe kipate mwenyewe, akaja usoni, kisha akazifikia nywele, unywele kwa unywele, picha kwa picha. Tulimkataza. Shemeji alichomoa waya wa kompyuta mara moja, akaurudisha mwenyewe jioni ileile, kwa sababu mgonjwa asiye na kazi alikuwa ameanza kuhesabu mabati ya dari. Binti alijitolea kumtafutia programu mpya zinazokisia kina zenyewe na kumaliza kwa mchana mmoja. Dada hakuzidharau, alikuwa amewapeleka huko wateja wake wengi tangu mkono ulipoanza kutetemeka. "Wape wateja," alisema. "Mimi mama kaniambia nijitoe, hajasema nitolewe." Kuna wiki alimaliza nusu sekunde. Kuna wiki alifungua kompyuta, akaitazama, akaifunga.

Mwishoni mwa Februari mwili ulikataa mashine. Presha ilishuka kila alipowekwa, na madaktari wakasema kwa upole yale wanayosema. Alirudishwa nyumbani kwa ombi lake. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mama upande mmoja na mumewe upande mwingine, binti amemshika miguu. Neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa la kumwomba mumewe azime feni, inampigia kelele. Tunalisema kama lilivyokuwa.

Juzi binti yake alifungua kompyuta. Video ilikuwa imefika mahali baba anapogeuka kukichukua kikombe. Mpaka hapo msichana yuko nje kabisa: mkono, uso, zile nywele zake zote, amesimama hatua moja mbele ya ukuta, anamtazama baba yake. Kisha vidole vya baba vinagusa kikombe, na katika picha inayofuata msichana amerudi ukutani. Ndipo alipofika.

Binti alimwambia bibi yake kwamba sehemu iliyobaki ni fupi, inaweza kumaliziwa na mashine kabla ya mazishi, hakuna atakayejua.

"Nitajua mimi," mama alisema. "Usimguse. Aliyetoka ananitosha."

Akamwomba amwonyeshe kitufe cha kusimamisha. Tangu juzi anaitazama mwenyewe. Baba anapogeuka, mama anabonyeza, na picha inasimama hapo, dada yuko nje, kikombe bado kiko mkononi mwake. Mara nyingine kidole kinachelewa kidogo na msichana anamponyoka akarudi ukutani. Mama anairudisha mwanzo.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, wadogo zake watatu, shangazi mmoja, na mjomba aliyeshika kamera, ambaye ameshindwa kusafiri na ametuma salamu. Ameacha pia watu wengi wa mbali, ambao sebuleni kwao jamaa zao wametoka ukutani wakasimama mbele yao, na hawamjui.

Dada yetu alichoka kwa ajili yetu. Hatumdai chochote tena. Ardhi imlaze vizuri, na apumzike kwa amani yote.